Wamama 11 katika mvua ya masika: kutoka Lubumbashi mpaka Bagamoyo



Wengi mmetuuliza, sokoni na mbele ya kanisa, tulikwenda kufanya nini Tanzania katika mwezi wa mvua. Wengine waliuliza kwa furaha, wengine kwa kukunja uso. Mzee mmoja wa mtaa wetu alisema waziwazi: "Pesa za wamama ni za shule na za dawa, si za kwenda kuangalia twiga." Tumeona ni vizuri kujibu hapa, mbele ya wote. Kasha lilikuwa la wamama, na kila mama ana haki ya kujua lilitumika namna gani.

Tulikuwa wamama 11. Wawili kati yetu ni walimu, wanne wanauza sokoni, watatu wanashona, mmoja ni muuguzi. Wa mwisho ni mkubwa wetu kwa umri, mjane aliyezaliwa Kasongo, kule Maniema, na ambaye sasa analea wajukuu hapa mjini. Tunamwita Mama Mkubwa. Kila mmoja aliweka dola 5 kwa juma, kwa majuma 80. Hizo ni dola 400 kwa kila mtu. Kasha hilo lilikuwa mbali na likelemba yetu ya kawaida, na hakuna mtoto aliyerudishwa kutoka shuleni kwa sababu yake. Tunaanza na neno hilo ili lisituzuie tena njiani.

Kwa nini tulichagua mvua

Sisi walimu hatuna uhuru wa kuchagua mwezi. Tuna vakansi kubwa ya Julai na Agosti, na tuna vakansi ndogo ya Pasaka. Julai na Agosti ni kiangazi kule Tanzania. Majani yamekauka, wanyama wanaonekana kwa urahisi, wageni wa Ulaya na Marekani wanajaa, na bei ya vyumba inapanda. Mwezi wa nne ni kinyume chake. Ni wakati wa masika, mvua ndefu ya pwani, inayoanza mwezi wa tatu mpaka wa tano. Wao wana mvua nyingine fupi mwishoni mwa mwaka, wanayoiita vuli. Sisi wa Katanga tuna mvua moja tu, na mwezi wa nne inakuwa inaisha. Kwa hiyo tuliiacha mvua yetu ikiaga, tukaikuta ya kwao ndiyo kwanza inapiga ngoma.

Katika miezi hiyo nyumba nyingi za wageni hushusha bei, na nyingine hufunga kabisa ili kutengeneza mapaa. Mama mweka hazina wetu alikaa na kalamu usiku mzima. Kwa bei ya Julai tungeweza kwenda watu sita. Kwa bei ya mwezi wa nne tungekwenda wote 11. Hakuna aliyetaka kuwachagua watano wa kubaki. Basi tukachagua mvua.

Barabara ya shaba

Tuliondoka siku ya posho asubuhi kwa basi. Mpaka wa Kasumbalesa ulitula nusu ya siku, kama kawaida yake. Kisha tukaingia Zambia: Kapiri Mposhi, Serenje, Mpika, usiku kucha, mvua ikipiga vioo na mtoto wa abiria mmoja akilia mpaka alfajiri. Nakonde upande wa Zambia na Tunduma upande wa Tanzania ni kama mji mmoja uliokatwa na kizuizi. Pale saa inasogea mbele kwa saa moja. Usipoibadilisha, utachelewa kila mahali.

Njia nzima tulifuatana na malori ya shaba. Yanatoka kwetu, Likasi na Kolwezi, yanashuka mpaka bandari ya Dar es Salaam. Mama mmoja muuza samaki alisema: "Kumbe shaba yetu imefika baharini mara nyingi kuliko sisi." Tulicheka, lakini neno lile lilikaa nasi.

Kutoka Mbeya barabara inapita nchi ya juu, yenye baridi, mpaka karibu na Iringa. Halafu inashuka mlima wa Kitonga kwa makona makali. Mvua ilikuwa imeteremsha mawe madogo barabarani, na shofere alikwenda polepole nyuma ya malori. Baadhi yetu walifumba macho, wengine walisali kwa sauti. Chini ya mlima hewa ni ya joto, mibuyu imesimama pande zote mbili. Pale Ruaha Mbuyuni wanawake wanauza vitunguu, vyekundu na vikubwa, wakiwa wamesimama mvuani na turubai juu ya mabega. Walikimbilia dirisha la basi kama vile wauzaji wetu wanavyokimbilia mabasi ya kwetu. Tulinunua. Tuliona aibu kupunguza bei.

Mikumi: kile tulichoona na kile hatukuona

Mbuga ya Mikumi ilianzishwa mwaka wa 1964 na ina ukubwa wa kilometa za mraba 3,230. Ajabu yake ni kwamba barabara kuu yenyewe inapita ndani yake kwa kilometa 50 hivi. Wafanyabiashara wengi wa Lubumbashi wamepita kati ya tembo wakiwa wamelala kwenye kiti, hawana habari. Kando ya barabara kuna vibao vinavyotaja faini ya kila mnyama, kama gari likimgonga. Shofere akiviona, anapunguza mwendo.

Tulilala mjini Mikumi, na siku iliyofuata tukakodi magari mawili ya kuingia mbugani. Langoni waliangalia pasipoti zetu. Nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka wa 2022, na raia wa Jumuiya wanalipa kidogo kuliko wageni wa mbali. Tulihesabiwa pamoja na majirani. Muuguzi wetu alisema hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kuona faida ya karatasi hiyo kwa macho yake.

Tuseme ukweli kuhusu mvua. Simba hatukumwona. Majani yalikuwa marefu kiasi cha kumficha ng'ombe, sembuse simba. Tena, wakati wa mvua maji yako kila mahali, kwa hiyo wanyama hawana haja ya kukusanyika kwenye madimbwi machache. Wanatawanyika. Anayetaka kuhesabu wanyama wengi kwa siku moja aende kiangazi.

Lakini mbuga ilikuwa ya kijani mpaka kwenye milima, na ndege walikuwa wengi kuliko tulivyowahi kuona. Twiga walisimama mvuani bila kujisumbua, maji yakiteremka shingoni mwao. Punda milia walikuwa na watoto. Na tembo tuliwaona karibu sana, kundi la majike na ndama wao. Muongozaji alitueleza kwamba kundi la tembo huongozwa na jike mzee, yule anayekumbuka maji yako wapi. Madume wakubwa hutembea kando. Wamama wote walimgeukia Mama Mkubwa. Yeye akasema tu: "Basi mnisikilize."

Mchana gari letu lilizama. Udongo wa bonde la Mkata ni mweusi, na ukilowa unakuwa kama bukari iliyokosa unga. Magurudumu yalizunguka bure. Kushuka kusukuma ni mwiko, kwa sababu ndani ya mbuga hairuhusiwi kutoka garini ovyo, na majani yale marefu ndiyo yanayoficha simba. Tulikaa karibu saa mbili tukingoja gari la kutuvuta. Mvua ilinyesha, vioo vilijaa mvuke. Mmoja wetu alianza kulia kimyakimya, akisema mumewe alimwambia asiende. Tukamshika mkono. Kisha tukaimba, wimbo baada ya wimbo, mpaka sauti zikakauka. Muongozaji, kijana wa huko, alisema wageni wa Ulaya wakikwama hukasirika, lakini hakuwahi kukwama na kwaya.

Siku ya tatu si Jumatatu

Tulitoka Mikumi kwenda pwani siku ya tatu ya juma. Tulipita Morogoro chini ya milima ya Uluguru iliyofunikwa na mawingu. Chalinze tukaacha barabara ya Dar es Salaam, tukaelekea Msata, halafu Bagamoyo. Karibu na mwisho wa njia kuna bonde la mto Ruvu. Maji yalikuwa yamepanda pande zote mbili za lami, miti imesimama ndani ya maji kama watu wanaooga. Shofere alisema ikinyesha siku mbili zaidi, huenda barabara ifungwe.

Tukafika jioni, tumelowa, tuna njaa. Nyumba ya wageni tuliyoiagiza kwa simu ilikuwa na giza, na mlinzi hakuwa na habari zetu. Mwenye nyumba alipokuja, alitutazama kwa mshangao. "Niliwangoja Jumatatu," alisema. "Mpishi alikaa siku mbili, vyumba vinne nikavifunga kwa ajili yenu. Malipo ya kwanza yamekwisha kwa siku hizo mbili."

Mama mweka hazina alikauka. Alikumbuka maneno yake kwenye simu. Alisema: "Tutafika siku ya tatu." Mwenye nyumba akauliza: "Jumatatu?" Naye akajibu: "Ndiyo, mama, siku ya tatu." Kwetu siku ya kwanza ni ile inayofuata siku ya Mungu, kwa hiyo siku ya tatu iko katikati ya juma. Wao wanahesabu kuanzia siku yetu ya posho, wanayoiita Jumamosi, na Jumatatu yao ndiyo siku yetu ya kwanza. Watu wawili wanasema Kiswahili, wanaelewana vizuri kabisa, na wamepishana siku mbili.

Tulipoteza shilingi 240,000. Hatuwezi kumtupia mwenye nyumba lawama yote, kwa sababu kweli alingoja. Yeye naye angeweza kuturudishia kidogo, maana nyumba ilikuwa tupu na mvua ilikuwa imefukuza wageni wengine wote. Hakurudisha. Alitupa chai na mkate, na vyumba vyetu, kwa malipo mapya.

Hesabu ya Zanzibar

Pesa hizo zilikuwa na kazi. Mpango wetu ulikuwa kwenda Dar es Salaam, kupanda meli ya Zanzibar, kulala huko usiku mmoja. Watoto wetu walijua jina la Zanzibar kuliko jina la Bagamoyo. Usiku ule tulikaa barazani, taa ikiwa hafifu, mvua ikimwagika kutoka paani, na mweka hazina akaweka hesabu mezani. Zilizobaki zilitosha meli ya watu saba.

Wengine walisema tupige kura. Wengine walisema waende vijana. Mshonaji mmoja alisema ana pesa zake binafsi na ataenda, apende nani asipende nani. Maneno yalipanda. Redio ilikuwa imetaja upepo mkali baharini, na muuguzi akauliza kama ni busara kupanda meli kwa upepo huo, hata kwa watu saba.

Mama Mkubwa alikuwa kimya. Mwishoni alisema: "Mwende ninyi. Mimi nilikuja kuona bahari, na bahari ni hii. Naisikia."

Hapo kila mmoja aliona haya kidogo. Tulikumbuka kwamba tulichagua mvua ili tusiachane. Tukakata neno: hakuna anayekwenda Zanzibar. Tusijisifu, wawili wetu walilala bila kusema usiku mwema, na mmoja bado anatukumbusha mpaka leo. Lakini uamuzi ulifanyika, na ndio uliotupa siku mbili nzima katika mji ambao tulitaka kupita tu.

Bahari yenye rangi ya mto

Asubuhi mvua ilikatika. Tulikimbilia ufukweni kama watoto wa darasa la kwanza. Katika kalenda bahari ni ya buluu. Ile tuliyoikuta ilikuwa ya kahawia, kama Lualaba. Ruvu inaingia baharini kaskazini ya mji, na wakati wa masika inaleta udongo wa bara yote. Mmoja alisikitika. Mwingine akaonja maji, akatema, akapiga kelele: "Ni chumvi kweli!" Basi hakuna aliyesikitika tena. Tuliinua vikwembe mpaka magotini, tukaingia. Mchana maji yalirudi nyuma, yakaacha mchanga mpana na mashua zimelala ubavu. Jioni yakarudi. Wenyeji wanasema maji yamekupwa, maji yamejaa, nao wanapanga kazi yao kwa hayo.

Sokoni pwani wanawake wanakaanga samaki katika makarai makubwa chini ya mabati. Tulikaa nao siku zote mbili, kwa sababu kila mvua iliporudi ndiko tulikokimbilia. Pale tulibadilishana maneno. Bukari yetu kwao ni ugali, sombe ni kisamvu, lengalenga ni mchicha, makala ni mkaa. Kijana alimsalimu Mama Mkubwa "Shikamoo, bibi," na sisi tukaangua kicheko, maana kwetu bibi ni mke wa mtu. Walitueleza kwamba kwao bibi ni nkambo, na kwamba anayesalimiwa shikamoo hujibu marahaba. Tangu hapo Mama Mkubwa alijibu marahaba hata kwa waliosema jambo.

Wanawake wale walituuliza jinsi likelemba yetu inavyokwenda. Wao nao wana mchezo kama huo, na ndivyo wanavyouita, mchezo: kila mmoja anatoa, mmoja anapokea, kwa zamu. Mmoja alituambia kwamba masika ni miezi yake ya njaa. Wageni hawaji, na upepo ukiwa mkali wavuvi hawatoki. Alisema ninyi mmetufaa, mmekula samaki mvuani. Hatukuwa tumefikiria hivyo. Tulidhani bei ndogo ni bahati yetu tu, kumbe pesa ndogo katika mwezi mgumu ilikuwa na uzito kwake pia.

Mwisho wa barabara

Bagamoyo ilikuwa mwisho wa barabara ya misafara iliyotoka Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika. Ng'ambo ya ziwa ni kwetu. Pembe za ndovu zilipita hapa, na watu waliokamatwa vilevile, kutoka Maniema na pande nyingine nyingi za bara. Jina la mji watu wanalieleza kwa namna mbili. Wengine wanasema ni neno la mpagazi aliyefika, akatua mzigo, akabwaga moyo, yaani akapumzika. Wengine wanasema ni neno la mtumwa aliyeiona bahari na kuuacha moyo wake hapo. Muongozaji wetu alisema anayeuliza achague mwenyewe.

Sisi wa Katanga tuna sehemu nyingine katika mji huo. Mwaka wa 1891 msafara wa Kapteni Stairs, uliotumwa kwa ajili ya nchi ya mfalme Leopold, ulianza kutembea kutoka Bagamoyo. Ulifika Bunkeya kwa Msiri mwezi wa kumi na mbili wa mwaka uleule, na Msiri akauawa. Tunafundisha habari hiyo darasani kila mwaka. Hatukuwahi kufikiria kwamba iliondoka kwenye mchanga fulani, karibu na soko fulani la samaki.

Kuna pia Misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa mwaka wa 1868 na mapadri wa Roho Mtakatifu. Walifanya kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Katika mnara wa kanisa la zamani uliwekwa mwili wa David Livingstone, Februari 1874, kabla ya kuvushwa Zanzibar na kupelekwa Uingereza. Alikufa mwaka wa 1873 katika nchi ya Zambia ya leo, pande za Serenje, ambako basi letu lilipita usiku. Watu wake, Chuma na Susi na wenzao, waliuleta kwa miguu karibu miezi tisa. Katika msafara wa Livingstone walikuwamo wanawake pia, mmoja wao Halima, mpishi. Mlango wa makumbusho ni mdogo, mvua ilikuwa kubwa, tukasimama wote 11 tumebanana tukisikiliza. Mwenzetu anayeuza bukari sokoni aliuliza: "Huyo Halima, nani alimbebea sufuria?" Hakuna aliyejua.

Jioni ya mwisho Mama Mkubwa alituomba tumsindikize ufukweni. Mvua nyepesi ilikuwa inanyesha. Njiani alituambia kitu ambacho hakuwahi kukisema katika miaka yote ya kikundi. Kwao Kasongo husimuliwa habari ya nkambo wa nkambo wake, mwanamke aliyechukuliwa na msafara akiwa ameacha mtoto mdogo nyumbani. Hakurudi. Jina lake lilipewa mabinti wa ukoo, mmoja kila kizazi, ili lisipotee. Hakuna anayejua kama alifika pwani, au kama alifia njiani.

Alivua viatu, akasimama majini mpaka kwenye vifundo vya miguu, akiangalia mbele. Hakulia. Sisi ndio tuliolia. Baada ya muda aligeuka, akatafuta mfukoni mwa koti, akatoa kipande cha karatasi kilicholowa kidogo. "Yeye hakurudi," alisema. "Mimi nina tiketi ya kurudi." Akakirudisha mfukoni, akatuuliza kama samaki wa jioni wameiva.

Kwa vikundi vinavyotaka kwenda

Taja tarehe, usitaje siku. Sema "tarehe 10 ya mwezi wa nne," na umwombe mwenzako airudie. Na kwa saa, uliza: ya asubuhi au ya jioni, ya kwao au ya kwetu. Wao wakisema saa moja asubuhi, saa ya ukutani inaonyesha saba.

Beba pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Mtu anayetoka kwetu huulizwa kadi hiyo mpakani. Karatasi zifunge vizuri zisilowe, lakini usizitie katika mfuko wa plastiki wa dukani: Tanzania imekataza mifuko hiyo tangu Juni 2019, nao huichukua mpakani.

Kabla ya kuingia mbuga, uliza bei ya raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na uonyeshe pasipoti. Bei hubadilika, kwa hiyo ulizeni upya kila mara.

Masika ni wakati wa mbu. Lala ndani ya chandarua, na beba dawa ya malaria kwa ushauri wa muuguzi. Kunywa maji yaliyochemshwa au ya chupa iliyofungwa. Usioge baharini karibu na mdomo wa mto wakati wa mvua. Maji ni machafu, mkondo una nguvu, na Ruvu ina mamba na viboko.

Chukua vikwembe vyepesi vinavyokauka upesi, na viatu vinavyofungwa, maana kandambili hubaki matopeni. Weka akiba ya siku mbili, kwa pesa na kwa wakati. Sisi tuliporudi tulingojea nusu siku barabarani kwa sababu ya maji, na bila akiba tungelala na njaa.

Na mpatane kabla ya kuondoka: pesa zikipungua, nani atabaki? Kama jibu ni "hakuna," liandikeni.

Tulichorudisha

Katika kasha zilibaki dola 31, nazo zimeandikwa katika daftari, anayetaka aje aone. Tulileta vitunguu vya Ruaha, kanga chache, na samaki wakavu ambao harufu yao abiria wenzetu hawataisahau.

Kwa yule mzee wa mtaa tunajibu hivi, kwa heshima. Shule imelipwa, dawa zimenunuliwa. Wamama hao 11 wanaamka saa kumi usiku kila siku, na wengi wao hawakuwahi kulala usiku hata mmoja nje ya nyumba zao isipokuwa kwa kilio au kwa kuzaa. Mara hii walilala nje kwa sababu nyingine. Walirudi, na kazi waliikuta ikiwangoja palepale.

Nasi walimu tulileta chupa moja ndogo ya maji ya bahari. Tuliyamimina katika sahani mbele ya darasa la tano, tukaiweka dirishani kwenye jua. Mvua ya kwetu ilikuwa imekwisha. Siku ya nne maji yalikuwa yamekauka, na katika sahani kulibaki chumvi nyeupe, na chini yake utando mwembamba wa udongo mwekundu. Watoto walionja chumvi, mmoja baada ya mwingine. Mtoto mmoja akauliza udongo ule umetoka wapi. Tukatundika ramani ukutani, tukaanza kumwonyesha.

Kasha jipya linafunguliwa siku ya posho ijayo baada ya mkutano wa kawaida. Dola 5 kwa juma, au pungufu kwa anayeshindwa. Karibuni wote, na Mungu awalinde watoto wenu.